Nani Alitupigia Kengele ya Kanisa

Kengele ya tatu ilipolia, mimi nilikuwa ningali mu maji, nasugua kisigino na jiwe. Bibi yangu alikuwa amekwisha kutangulia. Nilimuona anapanda kilima cha kanisa pamoja na wengine, kitambaa cheupe ku kichwa, wakaingia mumoja mumoja. Kisha watu wenye silaha wakatoka mu migomba, wakafunga mulango toka inje, na bunduki zikaanza kulia. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Sikulia. Nilibaki nimesimama mu maji na lile jiwe, mpaka jirani yetu Muislamu, mulimaji wa mupunga, akanivuta mukono, akanilalisha chini ya majani makavu mu shamba yake, na yeye mwenyewe akakaa juu yangu kama mutu mwenye kupumzika.

Rafiki yangu, naandika hii ju ya Siku ya Mungu iliyopita. Nilitoka hapa Kasongo, ninapouzisha mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, nikapanda motó, ile pikipiki, siku mbili za matope mpaka kanisa yetu ya Baptisti, kule upande wa Wamaza. Walisema watasoma historia ya kanisa mbele ya watu. Muchungaji wa sasa, kijana mwenye heshima, akasoma karatasi ine. Mwinjilisti wa kwanza alikuwemo. Ubatizo wa kwanza ulikuwemo. Mabati mapya yalikuwemo, na majina ya wote walioyabeba. Kufika ile siku yetu, akasoma: "Kukawa matatizo ya vita, kanisa ikasimama kidogo." Akageuza karatasi.

Kidogo! Basi mimi niliyeishia darasa la ine, nitaandika ile karatasi yenye kukosekana.

Kanisa yetu haikuanza na mabati. Bibi aliniambia kama mwinjilisti alifika kwa miguu, na Biblia, blanketi, na kidonda ku muguu. Wanawake wakamuosha kile kidonda, wakamupa wali, na jioni akawafundisha wimbo. Bibi alikuwa mu wale wa kwanza kuzamishwa mu kijito. Alipenda kusema maji yalikuwa baridi mpaka akasahau kutubu. Alicheka mwenyewe kila alipoisema, na mimi nilicheka naye, ijapo niliisikia mara mia.

Kengele ilikuwa janti ya kamyo, kile chuma cha katikati ya gurudumu. Zamani kamyo ya kununua pamba iliharibika pale, wenyewe wakaiacha, na wazee wakatundika janti ku muti kando ya kanisa. Sauti yake ilifika mpaka mashamba ya mbali. Na ilikuwa na desturi yake, sikiliza vizuri. Kengele ya kwanza, unaacha jembe. Ya pili, unashuka ku kijito kuosha miguu, ju muchungaji muzee hakupenda matope mu nyumba ya Mungu. Ya tatu, unaingia. Kati ya moja na ingine kulikuwa nafasi ya kutosha mama kunyonyesha mutoto. Hakuna mutu aliyeandika ile desturi. Ilikuwa mu masikio yetu tu, sisi watu wa kanisa.

Ku kijito ndipo utoto wangu ulipo. Siku ya Mungu asubuhi sisi watoto tulijipanga juu ya mawe, na bibi alipita anakagua.

"Hii kisigino ni ya mutu ao ya kobe?"

"Ya mutu, bibi."

"Basi kobe aliikopesha lini? Sugua!"

Siku ya sita tulifagia kiwanja, tukapaka ukuta udongo na majivu. Siku ya ubatizo wanawake walitwanga sombe, majani ya muhogo, toka alfajiri, kinu kinajibu kinu, karanga zinakaangwa, mafuta ya ngazi yanachemka mpaka harufu inaingia mu mahubiri. Muchungaji muzee alikuwa anakata maneno, anasema: "Naona roho zenu zimekwisha kwenda ku sufuria. Amina." Jirani yetu Muislamu alileta muchele wake mupya kila mwaka, alikula nasi, kisha aliwahi kwenda kusali kwao.

Na kupiga ile janti ilikuwa kazi ya mutu mumoja: shemasi Yakobo. Ninamutaja. Alikuwa kijana mwenye nguvu, mwenye mashati ya kupigwa pasi, na alitupendeza sisi watoto. Alituacha tushike fimbo ya chuma, lakini kupiga hapana. "Mutu akipiga ovyo," alisema, "watu watajua kama si mimi."

Vita ilipokaribia, muchungaji muzee alikuwa amekwisha kufa. Tulihamia mu pori, mwendo wa nusu saa. Tulilala chini ya majani, tulikula muhogo bila chumvi, na moto tuliuwasha muchana tu, mudogo. Watoto walikatazwa kukohoa. Shemasi Yakobo hakuja nasi. Alisema atabaki kuchunga kanisa, tukamusifu. Bibi alimuombea kila asubuhi kwa jina. Muke wake na watoto alikuwa amewatanguliza Kasongo, na hata hapo hakuna aliyejiuliza.

Siku ya tatu ya juma, jua likiwa juu, tukasikia kengele ya kwanza. Watu wakatazamana. Baba mumoja akasema, "Leo si siku ya sala. Pengine ni wale watu wanajaribu chuma."

Bibi akanyanyua kidole. "Ngojeni ya pili. Mugeni hajui ya pili."

Tukangoja. Ikalia, na nafasi yake kamili.

Wote wakainuka. Mama mumoja alianza kulia kwa furaha: vita imekwisha, Yakobo anatuita tumushukuru Mungu. Wakakunja mikeka, wakafunga watoto ku mugongo. Tulishuka mbio, tukaimba chini-chini. Ku kijito wakubwa waliosha miguu haraka, lakini yangu ilikuwa na matope ya mwezi muzima, na bibi akaniambia, "Bakia, sugua vizuri, utanikuta ndani."

Ndiyo neno la mwisho aliloniambia.

Toka pale mu maji muti wa kengele unaonekana wazi. Niliona shemasi Yakobo anapiga ya tatu. Kando yake alisimama kapita, mukubwa wa kijiji, ambaye alikuwa anakula na wale watu wenye silaha. Kapita alikufa, namuachia Mungu. Lakini hakuna bunduki iliyokuwa ku kichwa cha Yakobo. Alipiga, akaegemeza fimbo ku muti polepole kama kawaida yake, akaondoka.

Nilisema hii nikiwa mutoto. Shangazi aliyenilea akanifunga kinywa na mukono: "Nyamaza, watatumaliza." Nimenyamaza mpaka nywele zimeanza kuwa nyeupe.

Ile Siku ya Mungu nilisimama. Muchungaji kijana akasema, "Mama, tafazali, leo ni furaha." Na shemasi Yakobo, muzee sasa, mukubwa wa komite ya historia, akacheka kidogo pale mbele: "Huyu mama alikuwa mutoto mudogo. Anakumbuka nini?"

Namujibu hapa ku karatasi: nakumbuka, papa. Kijito kimejaa muchanga, watoto wa leo wanaingia kanisani na viatu. Ile janti iliuzwa, sasa iko mikrofoni. Wenye kujua kengele tatu tumebaki watu sita, na wanne hawasikii tena vizuri.

Sikuombi damu, shemasi Yakobo. Pengine kapita alikutisha. Pengine walisema watakwenda kutafuta watoto wako Kasongo. Sema, tutasikiliza, hata mimi nitasikiliza. Lakini ungepiga ovyo, tungejua kama si wewe. Ungeruka ya pili, bibi yangu angeturudisha mu pori wote. Ulikuwa na nafasi ya mama kunyonyesha mutoto, mara mbili, ya kuwaza.

Siku ya Mungu yenye kuja nitarudi, na nitakaa mbele. Utasimama wewe, si muchungaji, si karatasi ya komite. Utatuambia nani alikutuma, na kwa nini ulipiga mpaka ya tatu.