Mama Nakhungu Alivyopelekwa Kuzikwa Akiwa Mzima

Kisumu ya miaka ile ya kwanza ya uhuru, kufa kulikuwa na faida zake. Mtu akiugua, majirani humwambia pole na kwenda zao. Akikata roho tu, lori linapatikana, sufuria kubwa za kanisa zinapatikana, kwaya inapatikana, na watu ambao hawakuwahi kumpa hata kikombe cha maji wanajipigapiga mifukoni huku wakifuta machozi. Nasema hivi kwa hasira wala sioni haya.

Nakhungu alikuja mjini akiwa bibi arusi, akimfuata mume aliyebeba mizigo bandarini. Mume akafariki, watoto wawili wakafariki wangali wadogo, naye akabaki na karai lake karibu na stendi ya basi. Alikaanga samaki wa ngege miaka nenda miaka rudi, na hakuna utingo aliyethubutu kumkopa mara mbili, maana mdomo wake ulikuwa moto kuliko mafuta yake. Kisha miguu ikamvimba, karai likauzwa, na mama mmoja wa mtaa wa Kaloleni aitwaye Dorca akamhurumia, akampa pembe ya chumba chake.

Huko ndiko Chama cha Msamaria kilikomkuta. Kilikuwa chama cha Wakristo waliozunguka mjini wakiwatafuta wajane, vipofu na wazee wasio na mtu. Kila Ijumaa walimletea Nakhungu unga, sukari na maombi. Unga ulikuwa haba, maombi yalikuwa marefu, lakini hawakukosa kuja hata siku moja, na hilo nalo ni jambo.

Sasa Nakhungu hakuwa anautaka unga. Alichotaka ni kufika Port Victoria angali anapumua. Huko alibaki mdogo wake, Nabututu, ambaye alikuwa amepofuka na kukaa peke yake katika boma la wazazi wao. Wachuuzi wa samaki walileta salamu zake zile zile: "Mwambieni dada aje. Nyumba ni kubwa, na mimi naongea na kuku."

Kwa basi haikuwezekana, kwani miguu ile haikupanda ngazi wala haikukunjika kwenye kiti. Basi Nakhungu akaomba lori ambalo Chama kilitumia kupeleka maiti makwao.

Mwenyekiti, Mzee Obiero, alikuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu. Alikuwa mtu mwema, ila sheria aliipenda kama wengine wanavyopenda nyama.

"Mama," alisema kwa huzuni ya kweli, "lori linasafirisha marehemu peke yake. Wanachama walichangia mazishi."

"Kwa hiyo mnangoja nife?"

"Hatungoji, Mama. Tunaomba Mungu akuweke."

"Akiniweka, mimi nitafikaje nyumbani?"

Dorca, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, akadakia: "Sasa Mzee, si afe tu kidogo, tumpeleke, halafu aendelee?"

Kamati ilikaa vikao viwili juu ya neno hilo. Kudanganya kuwa amekufa ilikuwa dhambi, hawakuitaka. Kumwacha afie pembeni mwa chumba cha watu ilikuwa aibu, nayo hawakuitaka. Mwishowe Obiero akapata njia. Sheria ya Chama ilidai mambo matatu: jeneza liwemo ndani ya lori, kwaya iwepo, na kaburi liwe limechimbwa kabla ya safari. Hakuna mahali iliposema kwamba jeneza lazima liwe na mtu.

"Na kaburi je?" akauliza mjumbe mmoja.

"Atalihitaji siku moja," alisema Obiero. "Kuchimba mapema si uongo."

Basi simu ya upepo ikaenda Port Victoria: Nakhungu analetwa Jumamosi, chimbeni.

Jumamosi asubuhi, dereva Laban aliegesha lori mbele ya nyumba za Kaloleni. Jeneza likapakiwa. Nakhungu akapakiwa na godoro lake, akaegemezwa kwenye jeneza, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kuegemea. Kwaya ikapanda ikiwa imevaa joho, na Obiero akakaa mbele na dereva. Kina mama wa Kaloleni walikuja kuaga, wakaanza kucheka. Lakini Dorca alipomshika mkono na kushindwa kuuachia, kicheko kikageuka kilio cha kweli. Nakhungu naye akalia. Msiba ulikuwa umefana.

Mbele ya Yala polisi akawasimamisha. Alichungulia nyuma, akaona jeneza, akavua kofia.

"Poleni sana. Marehemu ni nani?"

Wakristo wa kwaya walikuwa wameapa kutosema uongo, na ukweli hakuna aliyeujua vizuri.

"Ni mimi," akasema Nakhungu.

Polisi alimtazama, akalitazama jeneza, kisha akaitazama barabara ndefu yenye jua kali na zamu yake ambayo haikuwa imefika hata nusu.

"Pole sana, Mama," alisema, akafungua njia.

Port Victoria walikuta boma limejaa. Wanawake walipoliona lori walipiga mayowe, vijana wakalirukia jeneza, wakaliteremsha mbio mbio, na mmoja akasema kwa mshangao kwamba marehemu amekonda sana. Nakhungu akabaki juu ya godoro akiita, lakini nani asikilize mtu aliye hai penye msiba?

Nabututu aliongozwa hadi kwenye jeneza. Aliomba lifunguliwe amguse dada yake. Alipapasa juu, akapapasa chini, akapapasa pembeni. Ndipo akapiga ukelele ambao ulisikika hadi kwa wavuvi majini.

"Wamemwiba! Watu wa Kisumu wamemla dada yangu!"

Vijana wakaigeukia kwaya. Laban akawasha injini. Obiero akainua mikono, akaanza kueleza sheria za Chama, jambo ambalo halikusaidia hata kidogo.

Nakhungu alijivuta hadi ukingoni mwa lori. "Nabututu! Niko hapa!"

"Nyamaza wewe, mama wa kwaya! Mimi namwomboleza dada yangu!"

Hapo Nakhungu akaingiwa na hofu ambayo Kisumu haikuwahi kumpa. Alikuwa amefika, naye anayemtaka alikuwa hatua chache tu, akimlilia, wala hamtambui. Akasema kwa hasira:

"Unapiga kelele hivi hivi kama siku ile ulipovunja chungu cha mama, ukasema ni mbuzi!"

Nabututu aligeuka polepole, mikono ikiwa mbele.

"Chungu ulikivunja wewe," alisema.

"Ni wewe."

"Ni wewe, Nakhungu! Na nilichapwa mimi!"

Alikuwa ameshafika kwenye lori. Alimshika dada yake uso, akamshika mabega, akaishika ile miguu iliyovimba, kisha akaweka kichwa chake juu ya miguu hiyo akalia upya, safari hii bila sauti. Vijana wakalirudisha jeneza lorini taratibu, wakaona haya. Kaburi nalo haliachwi wazi kwa watu wale, hivyo wazee wakakata shina la mgomba, wakalizika humo kwa heshima zote, na kwaya ikaimba, maana ilikuwa imekuja kuimba.

Jioni lori lilipogeuzwa, Obiero alisogea barazani walipoketi wale dada wawili, bado wakibishana juu ya chungu. Dhamiri ilikuwa inamsumbua.

"Mama Nakhungu, ni lazima nikwambie ukweli. Jina lako limeshatumika. Ukifa kweli, Chama hakitaweza kukuleta nyumbani mara ya pili."

Nakhungu alimtazama kwa huruma, mkono wa Nabututu ukiwa ndani ya wake.

"Kunileta wapi, Mzee?"