Betri Chini ya Kitanda cha Tela

Ramadhani ile, kama zote, hapakuwa na harusi, na tela langu lilikaa uani Bagamoyo mwezi mzima. Mimi ni mpambaji wa maharusi. Tela hilo la kulala safarini nililinunua kwa wageni waliokuwa wakirudi kwao. Lina kitanda, sinki na feni. Mimi nikaongeza kioo kirefu chenye taa. Umeme wote hutoka kwenye betri iliyo chini ya kitanda, na juu ya paa ipo sola ya kuijaza.

Mume wangu hushona maturubai. Alinishonea moja la kulifunika tela lote mpaka magurudumu, maana hewa ya chumvi inakula mabati, akalifunga kwa kamba kila upande.

Mwezi ulipoandama, kazi ya kwanza ilikuwa Msata. Kabla ya kuondoka niliwasha taa moja, ikawaka kwa unyonge, nikaridhika. Huko bibi harusi akaketi mbele ya kioo, nikawasha feni. Ikazunguka kidogo, ikasimama. Taa nazo zikazimika. Ilikuwa saa saba mchana na wanja ukaanza kumtiririka mashavuni.

Shangazi yake alikuwa amesimama mlangoni.

"Samahani shangazi, betri imeisha," nikamwambia.

"Sasa umetuburuzia tanuri la nini, mwanangu? Si ungempambia chumbani?"

Nilimalizia chumbani, dirishani, huku wanawake wa watu wakinitazama mikono.

Nilirudi nimefura. Fundi wa kwanza aliigonga betri kwa bisibisi akasema imekufa, ninunue mpya. Nikanunua. Kisha mvua zikaharibu barabara, tela likakaa tena wiki kadhaa, na nilipobonyeza swichi, kimya. Betri mpya! Nililia kwa hasira. Nikamuuliza mume wangu kama alikuwa akisikiliza redio humo.

"Mimi? Nilizima kila kitu, wallahi," akasema, na siku mbili tukasemeshana kwa shida.

Nikamwita fundi mwingine, mama mmoja wa Zinga anayefunga sola majumbani. Alizima kila kitu, akachomoa waya wa hasi wa betri, akaweka mita katikati. Mita ikasoma.

"Umeona? Umezima, lakini kuna kitu bado kinakunywa."

Akatoa fyuzi moja moja mpaka mita ikarudi sifuri. Kilikuwa king'ora cha kuonya gesi ikivuja, kidude kilichobanwa karibu na sakafu, chenye taa ya kijani ambayo sikuwahi kuitilia maanani.

"Huyu anakunywa kidogo kidogo, usiku na mchana. Lakini sola ingepaswa kumshinda. Mnaliegesha kivulini?"

"Hapana, juani kabisa," mume wangu akajibu kwa fahari. "Tena nalifunika."

"Unalifunika na sola yake?"

Mume wangu akainua macho kulitazama paa. Mimi ndiye niliyejibu, na sitayaandika niliyoyasema. Aliyasikia yote akiwa ameinamisha kichwa, na fundi akajifanya anatafuta koleo.

Yule mama alifunga swichi ya kukata umeme palepale betrini, akatuonya tusiache betri ikae tupu, kwani hapo ndipo inapoharibika. Tukiegesha tukate swichi, na sola iachwe wazi iendelee kuijaza. Jioni mume wangu alikata turubai juu ya paa, palipo na sola, na kupinda kingo zake kwa mkono. Nilimpelekea chai; kumwomba radhi kulinishinda.

Ramadhani iliyofuata betri ilikaa mwezi mzima na ikatoka imejaa. Nilipaswa kufurahi. Lakini Msata hawajaniita tena. Juzi nilikutana na yule shangazi sokoni, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza mbele ya watu kama siku hizi nimepata upepo.

"Ninao, shangazi," nikasema.

"Haya," akasema, akaendelea kuchagua samaki.