Ufunguo wa Maktaba Nilioutupa Mezani

Nakumbuka Ijumaa moja nilipotupa ufunguo wa maktaba juu ya meza ya mwalimu mkuu, mbele ya kamati nzima ya wazazi, nikatoka nje kichwa juu. Mwanangu, wewe ulikuwa mgongoni, nimekufunga na leso, unalia kwa sababu mimi nilikuwa napiga kelele. Nilijiona mwanamke kweli. Keti nikuambie, kwa maana juzi ulirudi kutoka shule umejaa furaha, ati umechaguliwa kuangalia maktaba na kuwatafutia watoto wadogo vitabu vya kusoma, na mimi sikukupigia makofi. Ukanuna. Sasa utajua kwa nini.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza Form Four tu, na shule moja ya msingi huku milimani Kathiani ilitaka mtu wa kukaa na vitabu. Maktaba yenyewe ilikuwa nusu ya stoo. Nusu ingine ilikuwa magunia ya mahindi na maharagwe ya chakula cha watoto, kwa hivyo vitabu vyetu vilinuka dawa ya wadudu, na ukifungua ukurasa waweza kukuta fukusi amekutangulia kusoma. Vile vizuri vilikaa kwa kabati yenye kufuli, na ufunguo nikauvaa shingoni. Kila Alhamisi vyote vilirudi nivikague, nishone vilivyochanika, halafu Ijumaa mchana vinatoka tena.

Kazi hiyo niliipenda, sitakudanganya. Mtoto akiingia simuulizi yuko darasa gani. Namuuliza jana alicheka nini, ama ni nani amemkasirisha, ndipo nampa kitabu. Na nilikuwa na sheria yangu moja: mwisho wa hadithi sisemi. Mtoto angelia mpaka kamasi zitoke, mimi sisemi.

Mwende alikuwa darasa la sita. Baba yake alikuwa ameshazikwa na mama yake alikuwa mgonjwa wa ukimwi. Siku hizo hakuna aliyelitamka hilo neno; watu walisema "ule ugonjwa", wakaangalia upande mwingine. Nyumbani walibaki watatu, Mwende, mama yake, na nyanya yake ambaye kijiji kizima tulimwita Susu.

Nilimpa Mwende kitabu cha hadithi ya mjane aliyenyimwa maji na ndugu za mume wake, akaapa kuchimba kisima peke yake. Nilimpa kwa sababu kila jioni nilimwona akiteremka mtoni na mitungi, nikafikiri atajiona humo. Sikujua kwamba anakisoma kwa sauti, mama yake amelala kwa mkeka nje ya jikoni na Susu akichambua maharagwe.

Siku moja akaja mlangoni. "Mwalimu, mama anauliza kama maji yalitoka."

"Mwambie avumilie."

"Anasema yeye si mtu wa kungoja."

Nikacheka. Mwanangu, nilicheka! Nikamwambia, "Mwambie asijiharibie utamu."

Basi ile Ijumaa, kabla sijafungua kabati, mwalimu mkuu akaniita ofisini. Nikakuta kamati imejaa viti vyote, na hata kiti cha kunikaribisha hakuna. Mtu alikuwa amewapasha habari kwamba kitabu cha shule kinalala kwa nyumba ya mgonjwa. Mama Kioko ndiye alianza.

"Mtoto wangu hulamba kidole akifungua ukurasa. Na huyo Mwende pia analamba. Hayo mate yakikutana hapo kwa karatasi, itakuwaje?"

"Itakuwa karatasi imelowa, Mama Kioko."

Mzee mmoja kwa kona akacheka. Wakamwangalia, akanyamaza.

"Unatucheka? Kwani wewe ni daktari?"

"Hapana. Na wewe?"

"Mimi ni mzazi!"

"Hata kuku ni mzazi."

Mwenyekiti, yule aliyekuwa na duka kule Mitaboni, akagonga meza. "Msichana, punguza mdomo. Na unyamazishe huyo mtoto. Hicho kitabu kichomwe, na huyo wa yule mgonjwa asiguse vingine. Tumemaliza."

Nikawaambia ugonjwa haupiti kwa karatasi, na kwamba hata watu wa zahanati walisema hivyo kanisani, mbele yao. Nikamgeukia mwalimu mkuu anisaidie. Yeye mwenyewe alifundisha jambo hilo darasa la nane, nilimsikia kupitia dirishani nikipanga vitabu. Akaangalia kalamu yake. Aliiangalia hiyo kalamu kama hajawahi kuona kalamu. Hao wengine, mwanangu, waliogopa, na mtu akiogopa naweza kumvumilia kidogo. Yeye alijua. Ndiyo maana mpaka leo tukikutana sokoni simsalimii, na wewe usiniulize tena kwa nini sina adabu kwa walimu.

Hapo ndipo nilivua ufunguo, nikautupa mezani ukaruka mpaka kwa vidole vyake. "Kaeni na maktaba yenu!" Nikaondoka.

Nilipanda mlima moja kwa moja mpaka kwa kina Mwende. Nilimkuta Susu akimnywesha mgonjwa uji kwa kijiko, na Mwende amekaa kando akingoja kitabu cha Ijumaa. Nikasimama hapo uani nikaeleza yote. Nikaigiza Mama Kioko, nikaigiza mwenyekiti na tumbo lake, nikaonyesha vile ufunguo ulivyoruka. Nilitaka waseme nimewatetea.

Susu akangoja nimalize.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, Susu."

"Kitabu kiko wapi?"

"Kwa kabati."

"Na ufunguo?"

Nikajishika shingoni, hapana kitu.

"Aiya! Mwana wakwa, mtoto wangu wewe, umebeba hasira kilima chote hicho, na mtoto mgongoni, ukashindwa kubeba kitabu? Hasira si mbaya, hata mimi niko nayo. Lakini huyu," akamwonyesha mgonjwa kwa kijiko, "huyu hakukutuma matusi. Anangoja maji ya huyo mama wa kisima."

Mama Mwende akainua mkono, umekonda kama wa mtoto. "Mwache, mama. Amechoka. Atakileta kesho."

Sikiza hapa, kwa sababu hapa ndipo pananiuma. Mwisho wa hadithi nilikuwa nao. Nilikuwa nimekisoma kitabu hicho mara nyingi. Ningefungua mdomo tu. Lakini ile sheria yangu ya upuuzi ilinikaa kichwani hata pale, nikasema, "Kesho nitakileta, usikie kutoka kwa Mwende mwenyewe."

Jumamosi asubuhi nikaenda shule kuomba msamaha, kupiga magoti kama itabidi. Mlinzi alinionyesha shimo la takataka kwa kidevu. Walikuwa wamekichoma jana yake jioni, na mafuta ya taa wakamwagia, kitabu kidogo hivyo.

Nikakimbia mlima nikamwambie mgonjwa ule mwisho kwa mdomo. Kabla sijafika langoni nikaona wanawake wamebeba viti, na wanaume wawili wanafunga turubai kwa miti. Alikuwa ameaga alfajiri.

Mwende alikuwa nyuma ya jikoni, anaosha vikombe vya wageni. Nikachuchumaa kando yake. Nilikuwa nao mdomoni ule mwisho, kwamba maji yalitoka, machafu kwanza, kisha yakatakata.

"Mwende, yale maji..."

"Usiniambie, mwalimu." Hakuinua macho. "Mama hakujua."

Akaendelea na vikombe.

Siku ya mazishi mwenyekiti aliongea kirefu kuhusu upendo. Mwalimu mkuu akasema shule imempoteza mzazi, tuinamishe vichwa. Mimi sikuinamisha changu. Mwende alipelekwa kwa shangazi yake Muthetheni, na mtu wa huko aliniambia msichana ni mchapa kazi, lakini kitabu cha hadithi hashiki.

Sasa wewe, mwanangu, ukae na hivyo vitabu ukijua haya. Mtoto akija kuchukua kitabu, uliza pia ni nani atamsomea nyumbani. Pengine kuna mtu huko anayesikiza. Usishike sheria yako kwa nguvu kuliko unavyomshika msomaji. Kuna watu hawana nafasi ya kungoja utamu, hao waambie mwisho palepale. Na ukiwa na haki, utakuwa na kelele pia, najua, wewe ni damu yangu. Piga kelele. Lakini kwanza mpe mtu kile alichokuja kutafuta, kabla hujageuka kupigana na waliomnyima. Ufunguo ukipewa usiutupe ili watu wakuone. Ukiona mkubwa anajua ukweli na anaangalia kalamu, usingoje akusaidie.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe miaka mingi ya kufungulia watu milango, akupe mikono mepesi na moyo usioogopa kamati. Na asikuache hata siku moja usimame mbele ya mtoto na jibu lililochelewa.