Mjane Hapiti Lango la Mtu

Kwanza ujue kwamba mimi si Mjaluo. Nimezaliwa Kegonga, Ukuriani, na nilipoolewa upande wa ziwa, Homa Bay, lugha ya kusemezana na mama mkwe ilikuwa Kiswahili tu, changu cha shule na chake cha sokoni. Kwa Kiswahili hicho tulipendana, tukagombana, tukamzika mume wangu. Kwa hiyo nikieleza mila za watu vibaya, wenyewe wanisamehe.

Mume wangu alikufa katikati ya miaka ya tisini. Alikuwa dereva wa lori la samaki, leo Nakuru, kesho Nairobi, anarudi na zawadi na uchovu. Akaanza kukonda. Watu wakasema ni malaria, kisha wakasema ni chira, yaani laana ya mtu aliyevunja mwiko, kisha wakanyamaza kabisa. Jina lenyewe hakuna aliyelitaja. Tulisema "huo ugonjwa" tukitazama pembeni. Miaka mingi baadaye nilipimwa, na majibu ni yangu mwenyewe, usiniulize.

Mazishi yakaisha, wageni wakaondoka wamekula kuku wangu wote, nami nikabaki na watoto wangu, mjane ambaye hajarithiwa. Kwa watu wa kule, wakati ule, hiyo ilikuwa kama kifungo. Mjane hapiti lango la mtu. Haingii boma lolote isipokuwa lake, mpaka ndugu wa marehemu amrithi kwanza. Akiingia kwa watu, wenye boma wataugua, wao au watoto wao, na kosa litakuwa lake. Wazee wakakaa, wakaamua: shemeji yangu aitwe kutoka Mfangano, alikokuwa akivua samaki, aje Jumapili kumrithi mke wa kaka yake.

Sikutaka. Nasema wazi, sikutaka hata kidogo. Shemeji alikuwa kijana mwenye heshima, ndevu hazijakolea, mwanamume pekee aliyebaki katika nyumba ya mama mkwe. Akinisalimia alitazama chini. Nitalalaje na mtoto huyo? Na kurudi kwetu Kegonga hakukuwezekana; baba alishapokea ng'ombe za mahari, na ng'ombe hizo zilishamwolea kaka yangu mke. Nilichohitaji ni kazi yenye mahali pa kulala, niipate kabla ya Jumapili. Mjane anayejilisha mwenyewe, wazee humsumbua kidogo, kisha huchoka.

Habari ya kazi aliileta mama mkwe mwenyewe kutoka sokoni. Upande wa Migori kulikuwa na kasri la mawe, makao ya ruoth, chifu mkubwa wa kale, kuta zake zimepangwa jiwe juu ya jiwe bila saruji wala udongo, tangu kabla ya wazungu kuja. Sasa lilikuwa makumbusho. Palikuwa na mafundi wanaoinua kuta zilizoanguka, na mafundi hao walitaka wapishi.

"Tunaenda kesho," akasema. "Mimi napeleka wewe."

Nilimtazama, nikadhani nimesikia vibaya. Huyu mama ndiye aliyekuwa askari wa mila pale nyumbani! Ndiye aliyenikataza hata kumkimbilia jirani kuomba moto. Nikaona amenihurumia. Siku hiyo nilimpenda kuliko mama aliyenizaa, haki ya Mungu.

Tulitoka asubuhi. Nilivaa koti la khaki la marehemu, kama mjane ambaye hajarithiwa alivyotakiwa, mikono yake imenifunika vidole. Barabarani pikapu ya watu wa soko ikasimama, nami nikasita.

"Mama, gari je? Si mwiko?"

"Gari si nyumba," akasema, tayari ameshapanda. "Umeona wapi nyumba inakimbia?"

Basi nikapanda. Na hivyo ndivyo tulivyosafiri siku nzima, yeye akiamua nyumba ni ipi na isiyo nyumba ni ipi, mimi nikifuata. Soko si nyumba. Kanisa si nyumba. Tulipobadilisha gari Rodi tukashukia Mirogi, njaa ilikuwa imenishika vibaya, nikaelekea hoteli moja ndogo yenye harufu ya chai ya maziwa. Mama mkwe akanivuta koti. Alikuwa ameona nguo za mtoto zimeanikwa uani.

"Huyu analala hapa na bwana yake. Hii ni boma."

"Mama, ni hoteli! Pameandikwa hoteli!"

"Kuandika ni kuandika. Wewe nyar Kuria, shida yako ni tumbo tu."

Nyar Kuria, binti wa Kuria, ndivyo alivyoniita siku zote, akifurahi na akikasirika. Aliingia peke yake, akatoka na mandazi yamefungwa kwa gazeti, nikala nimesimama kando ya barabara kama mbuzi aliyefungwa kamba. Watu wakapita, wakaliona koti, wakajua. Hakuna aliyenipa mkono.

Kutoka hapo gari likakosekana. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na udongo wa kule ni mweusi, wa kunata, dereva mwenye akili hapeleki gari lake humo. Tukavua viatu, tukashika njia kwa miguu. Kila tuliyemuuliza kasri liko wapi alinyoosha mdomo mbele na kusema, "Hapo tu." Wacha wee! "Hapo tu" ya watu wale unaweza kuzeeka ukiitembea. Matope yalipanda mpaka magotini. Mama mkwe alikuwa mtu mzima, goti lake moja lilimsumbua, lakini alikuwa mbele yangu wakati wote, na nilipomwambia tupumzike alisema tutapumzika tukifa.

Mvua ikarudi. Tulijibanza kwenye kinu cha kusaga mahindi, ambacho si nyumba, asante Mungu, na mwenye kinu akatufukuza kwa adabu aliponiona vizuri. Alisema anafunga. Alikuwa na magunia tele yanayongoja kusagwa, lakini alisema anafunga. Nilitukana kwa Kikuria, lugha ambayo mama mkwe hakuijua, na yeye akaniambia, "Hata kama sisikii, nimesikia."

Mbele kidogo kulikuwa na boma lenye ua wa mikatani. Tulikuwa na kiu, na njia zilikuwa zimegawanyika. Mama mkwe akaingia kuuliza, nikabaki nje ya lango nikinyeshewa. Nilimsikia mwenye nyumba, mwanamke wa sauti nzuri, akiuliza, "Na huyo mwenzako? Mwambie aingie, mvua hii!" Nikasikia mama mkwe akimjibu polepole kwa Kijaluo. Kisha yule mama akaja mpaka langoni na maji kwenye kikombe cha plastiki, akakiweka chini, si mkononi mwangu, akarudi nyuma.

"Kunywa, dada," akasema kwa Kiswahili. "Na kikombe uende nacho."

Niliyanywa maji yale kwa sababu kiu haina aibu. Lakini niliumia. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilikitupa kikombe chake mtaroni kwa nguvu zangu zote mara tu tulipopinda.

Hapo ndipo nilipouliza swali nililokuwa nimelibeba tangu asubuhi.

"Mama, hilo kasri. Si ni boma la watu? Lina lango?"

"Lina lango."

"Sasa nitaingiaje?"

Akafunga kitenge chake upya kiunoni. "Tutaona tukifika," akasema, na akaongeza mwendo.

Tulifika alasiri. Nilitarajia kasri kama la vitabuni, na kumbe lilikuwa ukuta mkubwa wa mawe ya kijivu, umezunguka juu ya kilima, mrefu kunipita, na majani yameota juu yake. Ungedhani mtu ameukusanya mlima na kuupanga. Lango lilikuwa jembamba na fupi, la kumfanya mtu ainame, hata awe nani. Nje yake alikuwa msimamizi, bwana mmoja wa kutoka Taita, mpole, na kando yake wanawake wawili wa pale kijijini waliokuja kuitafuta kazi hiyohiyo.

"Karibuni akina mama," msimamizi akasema. "Nahitaji wapishi watatu. Bila huyu mama mzee, mko watatu. Jiko liko ndani, mafundi wana njaa, ingieni tu."

Moyo ukaruka. Nikapiga hatua, na mmoja wa wale wanawake akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Huyu haingii. Hamwoni koti? Huyu ni mjane, hajarithiwa. Hii ni boma ya ruoth. Akiingia yeye, sisi tunatoka."

"Mama, hii ni mali ya serikali," msimamizi akasema. "Ni makumbusho."

"Serikali itatuzikia watoto?"

Msimamizi akakuna kichwa. Nilimwona akipiga hesabu usoni: wapishi wawili wenyeji, au mgeni mmoja mwenye mkosi. Nilijua jibu. Nilijua pia kwamba mama mkwe, mwenye mila yake, atasema pole kisha tutageuka, na Jumapili itanikuta kitandani mwangu na yule kijana. Machozi yakaanza kunitoka, ya hasira, nikayafuta kwa mkono wa koti.

"Boma ya nani?"

Aliuliza mama mkwe. Aliuliza kwa Kiswahili ili msimamizi asikie.

"Boma ya ruoth," yule mwanamke akasema.

"Anaitwa nani? Analala nyumba gani? Nionyeshe. Mke wake mkubwa, nyumba yake iko upande gani? Moto unawaka wapi?" Alikuwa anasogea mbele, na goti lile baya likisogea naye. "Nyumba hakuna. Mwenye boma hakuna. Watoto hakuna. Mwiko unaua mtu wa boma. Humu utaua nani? Mijusi?"

Mafundi waliokuwa wamekaa juu ya ukuta wakacheka. Yule mwanamke akaishusha mikono yake kutoka kiunoni.

"Mimi nimezika," mama mkwe akasema. "Najua chira kukushinda wewe. Kama kuna kitu itapiga mtu hapa, ipige mimi kwanza."

Akainama, akapita lango. Nilimwona akisimama ndani, mdogo kati ya kuta zile, akigeuka. "Nyar Kuria! Ingia, jua linazama!"

Nikainama, nikaingia. Sikufa. Hakufa mtu. Ndani mlikuwa na majani mafupi, alama za duara mahali nyumba zilipokuwa, na jiko la mawe matatu chini ya mabati. Wale wanawake walinong'ona, wakajadiliana, mwisho wakaingia nao, kwa sababu njaa ni njaa. Msimamizi akanionyesha kibanda cha nje ya ukuta ambapo mpishi wa kulala angelala. Nilikuwa nimepata kazi! Nilitaka kuruka. Nilimkumbatia mama mkwe mbele ya watu, jambo ambalo mkwe hafanyi, na nikamsikia amekakamaa mikononi mwangu.

Nilimsindikiza hadi nje ya lango.

"Mama, nitakulipa nini? Twende basi, nirudi kesho na nguo zangu na watoto."

"Wewe usirudi."

"Nguo je?"

"Nitatuma. Watoto watakaa na mimi, nitaleta wakifunga shule." Alikuwa akitazama njia tuliyokuja nayo. "Yule kijana atafika Jumapili. Asikukute. Wazee watasema apeleke hata kofia tu mlangoni kwako, alama ya kurithi, kisha alale humo, na yeye ni mtoto, atatii. Akikukosa, atarudi kwa samaki zake."

Nilisimama pale nikiwa bado nacheka, kisha nikaelewa. Mbio zote zile kwenye matope. Goti lile. Kumbe hakuwa ananitoa mimi kwa kijana. Alikuwa anamtoa kijana kwangu.

"Mama, unaniogopa?"

Akayatazama matope ya miguuni mwake.

"Unafikiri niko nao, huo ugonjwa."

"Nimebaki na mmoja," akasema. "Mmoja tu, nyar Kuria."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakavuma. Nilikuwa nimemuuguza mwanawe, nimemwosha, nimemlisha uji kwa kijiko hadi siku ya mwisho, na sasa mimi ndiye sumu. Nikasema lile neno ambalo mkwe hamwambii mama mkwe, na sikulisema kwa sauti ya chini.

"Kama niko nao, ni mwanao aliyeniletea!"

Nilingoja anipige kofi, au alie, au aniite mchawi. Alifunga kitenge chake kiunoni.

"Najua," akasema. "Ndio maana sijakufukuza, nimetembea na wewe."

Akashika njia. Ndani, mafundi walikuwa wakiita chakula.