King'ora cha Nahodha wa Malaba

Naandika haya huku masikio bado yananiwaka kwa aibu.

Mimi ni wakala wa forodha hapa mpakani Malaba, na meli sijawahi kupanda. Ila kwenye kompyuta ya ofisi nina mchezo wa kuendesha meli, na juzi nikauongezea ving'ora vya kweli. Kimoja kinahakikisha nahodha yuko macho: asipobonyeza kitufe kila baada ya dakika kumi, kinalia, na sauti yake inazidi kupanda.

Jana asubuhi nilikuwa nakijaribu, sauti chini kabisa, bosi akanipigia simu nimpelekee karatasi. Nikafunga ofisi mbio mbio. Nilisahau kwamba dakika chache kabla niliiunganisha kompyuta na spika za nje, zile tunazoitia madereva karatasi zao zikitoka.

Nilikuwa katikati ya foleni ya malori ya petroli kelele kama ya king'ora cha hatari ilipoanza. Nani alipayuka wa kwanza? Mimi. "Petroli inavuja! Kimbieni!" Madereva wakaruka chini, wauza chapati wakaacha makaa, nami mbele yao wote, kiatu kimoja kimebaki njiani.

Tulipofika kwenye mashamba ya mahindi, Mzee Owere, dereva wa Tororo, akasimama akatega sikio.

"Ojambo, hii kelele inatoka kwa ofisi yako."

Tukarudi wote. Bosi akaninyang'anya ufunguo, akafungua mlango umati ukichungulia. Kwenye skrini, kwa herufi nyekundu nilizoandika mwenyewe:

"Nahodha Ojambo, umelala?"