Haikuwa Riziki

Msichana aliyekuwa akiniwahi kwenye hesabu za ubaoni alifeli darasa la saba. Si kwa kukosa alama mbili tatu. Alifeli masomo yote, hata Kiswahili.

Nilikuwa nafundisha hisabati Kiranjeranje, pwani ya kusini. Kwenye mtihani wa majaribio yeye ndiye aliyeongoza. Nyuma yake kwa mbali alikuwapo mtoto wa Kisukuma, wa wafugaji waliohamia na ng'ombe wao. Huyo akafaulu. Nilimuuliza kafauluje.

"Nilisoma, mwalimu," alisema, akanishangaa.

Wenzake wakacheka. "Muongo huyo. Kazindikwa. Babake kaleta mganga toka kwao."

"Nyie mlikuwa mpirani," akawajibu.

Mimi nimekulia Njombe, ambako ukifeli wewe ni mvivu, basi. Nikaenda nyumbani kwa yule msichana na maswali yangu.

Mama yake alikuwa anabangua korosho. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Haikuwa riziki. Mungu hakupanga."

Msichana alipoleta maji ya kunywa nikamuuliza na yeye. Alijibu kwa maneno yaleyale, na hapo ndipo shaka iliponiingia. Wengine waliofeli walikuwa na sababu zao: kichwa kiliuma, penseli ilivunjika. Huyu hakuwa na yake.

Nilikuwa nimesikia kwamba kuna wazazi humwambia mtoto, hasa wa kike aliyekwisha kuchezwa unyago, ajibu ovyo siku ya mtihani. Akifaulu, sekondari iko mbali, atapanga chumba peke yake. Akifeli, hakuna wa kulaumiwa. Serikali haimkamati mtu kwa riziki.

"Mama, hakuna aliyemwambia afeli?"

"We mwalimu huna mtoto bado," alisema, mikono haikusimama. "Ukimpata utajua."

Wiki iliyofuata msichana alinikuta kwenye pampu ya shule, akiwa peke yake na ndoo.

"Mwalimu, aliyefeli anaruhusiwa kurudia?"

"Kwani ulifeli?"

"Si ndivyo walivyosema."

Alisimama akingoja nimjibu lake. Nikamwambia nitaulizia ofisi ya elimu, na nikamwomba asimwambie mtu kwanza.

Nimeulizia, nikaambiwa nisubiri. Wenzake wameshaanza kidato cha kwanza. Juzi mama yake alinisimamisha njiani, akaniuliza nafuatilia nini huko wilayani. Sijui nani kamwambia.