Kigingi Nilichokipigilia Upya Kando ya Korongo

Admin, naomba ufiche jina langu. Jambo hili sijamwambia mama wala rafiki yeyote. Kuna nyumba hapa kwetu ambayo inaweza kumezwa na ardhi kwa sababu ya namba niliyoandika mimi.

Nina miaka kumi na minane, nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, na ninaishi upande wa Kabazi. Mimi ni mtu wa aibu. Hata darasani nilikuwa nikijua jibu sinyooshi mkono. Baada ya mtihani nilipata kibarua kwenye mradi wa kaunti wa kuhifadhi udongo. Walikuwa wamejenga vizuizi vya mawe ndani ya makorongo, sasa walitaka kujua kama vimesaidia. Kila shamba lilikuwa na kigingi cha chuma, mita kumi kutoka ukingo wa korongo. Tulipima kutoka kigingi hadi ukingo. Ikibaki kumi, korongo limetulia. Ikipungua, bado linakula shamba.

Siku ya kwanza afisa wa mradi alimfokea msichana mwenzetu mbele ya wote. "Kigingi hakina miguu. Kikikosekana, ni wewe umekipoteza, na utaenda nyumbani." Watu walicheka, nami nikacheka.

Kwa jirani yetu, nitamwita Mama Shiro, nilienda peke yangu. Alikuwa amehamia kwa dada yake sokoni na watoto wawili kwa kuogopa korongo lililo nyuma ya nyumba. Nilitafuta kigingi, sikukiona. Nilipochungulia korongoni, kilikuwa chini kabisa, kwenye matope. Mita zote kumi zilikuwa zimeanguka nacho.

Nilikumbuka maneno ya afisa. Nikashuka, nikakitoa, nikapima mita kumi kutoka ukingo mpya, nikakipigilia kwa jiwe. Kikawa karibu na mlango wa jikoni. Nikaandika: kumi, hakuna mabadiliko.

Mwezi uliopita kwenye baraza, afisa alisoma mashamba yaliyopona. La Mama Shiro lilikuwa la kwanza, watu wakapiga makofi. Wiki hiyo akarudi kwake. Tulipokutana njiani alinishika mkono.

"Msichana wangu, si ni wewe ulipima? Kwa dada nilichoka kuambiwa watoto wangu wanamaliza sukari. Hata sauti huna, na ona umenirudisha kwangu."

Akanipa maparachichi. Kisha akasema, "Kile chuma chenu nimefungia kamba ya nguo. Lakini mbona kiko karibu hivyo?"

Nikamjibu, "Ndivyo kilivyokuwa."

Maparachichi yale yako chini ya kitanda changu. Sikuweza kuyala.

Sasa mvua imeanza. Jumapili nilipita huko nikaona ufa mrefu kati ya kamba na ukingo. Shiro, ana miaka mitano, alikuwa amechuchumaa hapo. Akaniambia, "Sisi hutupa mawe humu. Hatusikii yakifika."

Nilitaka kusema siku hiyo. Mama yake alitoka jikoni akitabasamu, nikamsalimia tu, nikaenda.

Ndugu zangu, nianzie kwa nani? Kwa afisa, kwa chifu, au kwa mama yangu, ambaye huko kanisani anajivunia kazi yangu? Na kama wewe ni wa huku na umeijua nyumba hiyo kwa kamba ya nguo, pita leo umwambie atoe watoto. Usimwambie umejulia wapi. Tafadhali, hilo libaki kati yetu.